Boliti Ilikuwa Nzima

Reli ya roshani iliyoanguka niliifunga mimi. Boliti nilichagua mimi. Mashimo nilitoboa mimi, na nati nilizikaza kwa mkono wangu. Mwenye nyumba hakunibana kwa bei wala kwa muda. Fundi mwashi aliyemwaga zege alifanya kazi yake vizuri. Kosa lilikuwa langu, na kijana mmoja aliumia kwa sababu yake.

Nalieleza kwa sababu si kosa la mtu mvivu. Nilikuwa fundi wa kuchomelea mwenye karakana na wateja, na mtu angeniuliza kama najua kufunga chuma kwenye zege ningejibu ndiyo bila kusita. Ninachokieleza hapa nakiona bado kwenye nyumba nyingi ninazopita, kimefanywa na mafundi wenye mikono mizuri kuliko yangu.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, Kigamboni. Nilipoitwa, ujenzi ulikuwa umefika mwisho: kuta zimepakwa rangi, milango imewekwa, na sakafu ya roshani ina vigae tayari. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza reli ya mabomba ya mraba, yenye nguzo zinazosimama juu ya pleti za chuma, kila pleti ikishikwa na boliti nne. Reli niliitengeneza kwa uangalifu. Maungio niliyachomelea pande zote, nikayasaga, nikayapaka rangi ya kuzuia kutu. Ukiitazama ile kazi, hukuona mahali pa kulaumu.

Dukani nilinunua boliti za kutanuka za M10, zile zenye ganda la chuma lililopasuliwa vipande. Unatoboa shimo, unaingiza ganda, unapitisha boliti. Unapokaza, kipande chenye umbo la koni kilicho chini kinavutwa juu, kinalitanua ganda, nalo linabana kuta za shimo. Nilizichagua kwa unene. Niliishika boliti, nikaona chuma ni kinene, nikaridhika. Sikujiuliza itashika nini.

Nilitoboa kwa biti ya milimita 16, kina cha milimita 75, kama karatasi ya boksi ilivyosema. Hapo nilidhani nimefuata maelekezo. Lakini kina hicho nilikipima kuanzia juu ya kigae. Karatasi ilikuwa inasema juu ya zege. Kati ya kigae changu na zege palikuwa na gundi ya vigae, na chini yake tabaka la mota ambalo fundi mwashi alilimwaga ili kusawazisha sakafu na kuipa mteremko wa maji. Tabaka hilo nilijua lipo. Kila fundi anajua lipo. Sikulipima, wala sikumuuliza aliyelimwaga.

Drili ilinipa taarifa, nikaipokea vibaya. Biti ilizama kwa urahisi, vumbi lililotoka lilikuwa la mchanga mchanga, na ni mwishoni tu mwa kila shimo ndipo mashine ilipoanza kugoma na mlio kubadilika. Ule ugumu wa mwishoni ndio ulikuwa zege. Mimi nilifurahi kwamba kazi inakwenda haraka. Shimo linapotobolewa haraka kuliko ulivyotarajia, kuna jambo kuhusu sakafu ile ambalo hujalijua, na mahali pa kusimama na kulitafuta ni palepale.

Kisha nikakaza. Nilichomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta mpaka nati ikakataa. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kazi nzuri.

Baada ya muda mwenye nyumba alinipigia simu. "Fundi, nguzo moja ya huku pembeni inacheza kidogo." Nilimjibu, "Usiwe na wasiwasi, mama, nakuja kuikaza." Nilikwenda. Nati ziligeuka kirahisi, nikazikaza tena mpaka zikakataa, nikaitikisa nguzo mbele yake, haikucheza. Alinishukuru, nikaondoka. Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kwa kutokujua. Mara hii nguzo ilikuwa imeshaonyesha kwamba kitu kinachoishika kinaachia, na mimi nikainyamazisha kwa spana.

Aliyeanguka ni mdogo wake mwenye nyumba, kijana anayeendesha bajaji. Jioni moja aliegemea reli akiongea na simu. Nguzo ya pembeni iling'oka, kipande cha reli kikafunguka kuelekea nje, naye akaenda nacho mpaka chini kwenye mchanga. Alivunjika mfupa wa bega na kifundo cha mkono.

Nilifika kesho yake asubuhi baada ya kutoka hospitali. Njiani nilikuwa nimeshapanga maelezo. Nilidhani nitakuta boliti imekatika, yaani chuma kibovu cha dukani, au zege limemeguka, yaani kokoto chache na saruji kidogo. Yote mawili yangenisaidia. Niliiokota pleti. Boliti zote nne zilikuwa bado zimening'inia kwenye matundu yake, nzima, zimenyooka, hata zinki yake ya manjano haijachubuka. Maganda yalikuwa yametanuka kama yanavyotakiwa kutanuka, na kila moja lilikuwa limezungukwa na bonge la mota ya kijivu, ambayo niliponda kipande chake kwa vidole kikawa mchanga. Nikapiga magoti kwenye pengo lililoachwa na pleti. Kigae kilikuwa kimevunjika, mota imeng'oka kama sahani, na chini yake zege la slabu lilikuwa limetulia, gumu, safi, lenye vitundu vinne vifupi. Nikaingiza rula: milimita 20. Nikapima mota na kigae pembeni: milimita 55. Ganda la boliti lilikuwa na urefu wa milimita 60.

Hesabu hiyo haikuhitaji karatasi. Milimita 5 tu za ganda ndizo zilizokuwa zimefika kwenye zege. Nyingine zote zilikuwa zinabana mota. Nilikaa pale kwa muda nikiwa na rula mkononi. Nilichokuwa nakijua kuhusu kazi yangu kilikuwa sahihi kuhusu chuma, na hakikuwa na maana, kwa sababu chuma hakikuwa ndicho kinachoshindwa.

Gharama ni hizi. Nililipa matibabu ya kijana. Nilimlipa fedha za miezi aliyokaa bila kuendesha, na kwa ajili hiyo niliuza mashine yangu kubwa ya kuchomelea. Nilifungua reli yote na kuifunga upya bila malipo. Mteja huyo hakunipa kazi tena, na wale aliowaambia hawakunipa pia. Kijana alirudi barabarani, lakini kifundo chake hakigeuki kikamilifu mpaka leo. Hilo la mwisho siwezi kulilipa.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwa utaratibu kile nilichopaswa kukijua kabla ya kushika drili. Boliti ya kutanuka inapovutwa juu, ikiwa yenyewe haikatiki wala haichomoki, kinachong'oka ni pande la zege lenye umbo la koni, ncha yake ikiwa chini kwenye mwisho wa boliti na mdomo wake mpana ukiwa juu. Upana wa mdomo huo ni karibu mara tatu ya kina cha boliti ndani ya zege. Kwa hiyo nguvu unayoitafuta ni ya lile pande la zege. Boliti kazi yake ni kulishika tu. Mwaka 1995 wahandisi Werner Fuchs, Rolf Eligehausen na John Breen walichapisha njia ya kukokotoa nguvu hiyo, na viwango vingi vya ujenzi leo vinaifuata. Jambo moja katika njia hiyo lingetosha kuniokoa: nguvu ya koni haipungui sambamba na kina. Ukipunguza kina kwa nusu, nguvu inayobaki si nusu, ni kama theluthi. Ukikipunguza mpaka robo, inabaki sehemu moja kati ya nane. Milimita unazopoteza kwenye kigae na mota ni ghali kuliko zinavyoonekana kwenye rula.

Na mzigo wenyewe ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwa macho. Nilikuwa nafikiri kwamba mtu akiegemea reli, boliti zinabeba uzito wa mtu. Fanya hesabu hii pamoja nami. Tuseme watu wanasukuma reli kwa nguvu ya kilo 75 kwa kila mita, na nguzo zimeachana mita 1.2. Kila nguzo inapokea kilo 90 upande wa juu, mita moja kutoka sakafuni. Pleti yangu ilikuwa na upana wa milimita 100, na boliti za ndani zilikuwa milimita 80 kutoka kwenye ukingo wa nje ambao pleti inaugeukia inaposukumwa. Nguzo inafanya kazi kama wenzo: mkono wa juu ni mita moja, wa chini ni milimita 80. Kilo 90 za juu zinakuwa kilo 1,125 chini, zikigawanywa kwa boliti mbili: zaidi ya kilo 560 kwa kila moja, zikivuta moja kwa moja kwenda juu. Mzigo huo niliukabidhi kwa mota ya kusawazishia sakafu.

Ukingo nao nilikuwa nimeukosea. Pleti nilizisogeza karibu na mwisho wa slabu ili roshani ionekane pana. Boliti za nje zilikuwa milimita 45 tu kutoka ukingoni. Kama koni inahitaji upana wa mara tatu ya kina, basi kila upande wa boliti unahitaji mara moja na nusu. Boliti iliyoingia milimita 60 kwenye zege inataka milimita 90 mpaka ukingoni ili koni iwe kamili. Ukiisogeza karibu na ukingo zaidi ya hapo, unaikata koni kabla haijavutwa. Tena boliti ya kutanuka ina tabia nyingine: inasukuma zege kwa pembeni tangu siku unayoikaza, hata kama hakuna mtu aliyeigusa reli. Karibu na ukingo, msukumo huo unaweza kulipasua. Nilipoondoa nguzo nyingine za nyumba ile nilikuta nyufa nyembamba zinazotoka kwenye mashimo ya nje kuelekea mwisho wa sakafu. Zilianza siku ileile nilipokaza.

Lile bomba kwenye mpini wa spana ndilo lililozianzisha. Ukivuta mpini wa nusu mita kwa nguvu ya kilo 30, unafikisha karibu nyutoni-mita 150. Karatasi za boliti nyingi za kutanuka za M10 hazitaki hata 50. Kukaza kupita kiasi hakuongezi usalama. Kunavuta koni ya chuma kupita mahali pake, kunapasua zege, au kunaivuta boliti yenyewe mpaka ichoke. Na nati ikigeuka na kugeuka bila kukataa, maana yake ganda linateleza au kuta za shimo zinasagika. Ukiendelea kuizungusha huponyi kitu.

Kuhusu ile siku niliyokaza nguzo iliyokuwa inacheza, kuna tukio ambalo nilipolisoma lilinishika, kwa sababu lilifanyika mahali penye wahandisi wengi na fedha nyingi. Tarehe 10 Julai 2006, mjini Boston, Marekani, sehemu ya dari ya zege katika handaki la barabara kuu ilianguka juu ya gari na kumuua abiria. Dari ilikuwa imening'inizwa kwa boliti zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, aina tofauti na zangu. Mwaka 2007 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya nchi hiyo ilieleza kwamba gundi iliyotumika haikufaa kwa mzigo unaovuta bila kupumzika, kwa hiyo boliti ziliteleza taratibu mpaka zikaachia. Ripoti ilionyesha pia kwamba mwaka 1999, ujenzi ukiendelea, baadhi ya boliti za dari zilikutwa zimeshaanza kushuka. Zilishughulikiwa, kazi ikasonga mbele, lakini sababu yenyewe haikufuatiliwa mpaka mwisho. Sijilinganishi na handaki. Nasema tu kwamba boliti inayosogea baada ya kufungwa imekuletea habari, na habari hiyo inamhusu fundi wa roshani moja kama inavyomhusu mhandisi wa barabara kuu.

Nilipofunga upya, nilianza na kukata vigae na kuondoa mota mpaka zege lionekane mahali pa kila nguzo. Pleti nilizisogeza ndani, mbali na ukingo. Nilimwita mhandisi atazame kabla sijatoboa, naye akanionyesha hatari ambayo sikuwa nimeiwazia. Roshani ikitokeza nje ya ukuta bila nguzo chini yake, nondo kuu zinazoibeba ziko upande wa juu wa slabu, palepale biti inapoingilia. Fundi anayekutana na nondo akabadilisha biti ili aikate, anaidhoofisha roshani yenyewe ili kuimarisha reli. Ukigonga nondo, simama, uhamishe shimo. Mahali tulipopata nafasi chini, tulipitisha boliti ndefu kutoka juu hadi chini ya slabu na kuweka pleti nyingine upande wa pili. Hapo hakuna kutanuka na hakuna kubahatisha. Kwa vile nyumba iko jirani na bahari, tuliacha boliti za zinki tukanunua za chuma kisichoshika kutu daraja la A4, kwa sababu hewa ya chumvi hula zinki nyembamba mapema.

Sasa kabla ya kutaja bei ninatoboa shimo dogo la kupimia, natazama rangi ya vumbi, nasikiliza mlio, napima ni wapi tabaka laini linaishia na gumu linaanzia. Kina cha boliti nakihesabu kuanzia hapo. Vumbi nalitoa kwa brashi na pampu, kwa sababu vumbi lililobaki hulifanya ganda libane unga badala ya ukuta wa shimo. Biti iliyochakaa naitupa, kwani hutoa shimo jembamba ambalo boliti haiingii bila kupigwa nyundo. Nakaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa namba iliyo kwenye karatasi ya boksi. Kwenye tofali lenye matundu situmii boliti ya kutanuka kabisa, maana hutanukia kwenye uwazi au hupasua ukuta mwembamba wa tofali. Karibu na ukingo, ikiwa siwezi kupitisha boliti hadi chini, natumia ya gundi isiyosukuma pembeni, na nasoma kwanza kama gundi hiyo inafaa kwa mzigo ninaoupa. Bei yangu imepanda kwa sababu hiyo. Wateja wengine wanakwenda kwa mwingine, na siwazuii.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kurudi kwenye nyumba za zamani. Roshani ile haikuwa ya kwanza kufungwa kwa namna ile. Niligonga milango ya watu walioridhika na kazi yangu nikawaambia kwamba huenda reli yao haijashikwa na zege. Mmoja alinifokea kwa sababu alikuwa na watoto wadogo. Mwingine alidhani natafuta kazi ya kulipwa mara mbili. Wengi walinikaribisha, tukafungua nguzo moja tukaangalia. Kwingine mota ilikuwa nyembamba na boliti zimefika vizuri, kwingine nilirudia kazi yote kwa gharama yangu. Nilikuwa nikijiambia kwamba kurudi kutaniharibia jina. Ukweli ni kwamba jina lilikuwa limefungwa pale na boliti zilezile.

Fundi mwenzangu, kama kuna reli, banda la chuma au stendi ya tangi uliyoifunga juu ya vigae na hukumbuki mota ilikuwa na unene gani, basi hujui inashikwa na nini. Nenda ukafungue nguzo moja, upime. Ukikuta ganda limeishia kwenye mota, mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo kwamba mtu yeyote asiegemee pale, kabla hujaanza kuhesabu nani atalipa.